Mtu wa Kushika Kamba

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua akikutana na Zaitun ni kwamba akimaliza kusema hunyamaza kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kana kwamba anangoja maneno yake yamrudie. Muuza mboga humwuliza kama amkatie sukuma wiki, naye hujibu, "Nikatie," kisha hungoja. Wageni hudhani ana shida ya masikio. Hana. Ni mazoea ya kazi tu. Mtu akisema neno ndani ya tangi la maji, tangi humjibu, na kwa muda sasa Zaitun amejibiwa na matangi zaidi kuliko alivyojibiwa na watu.

Kazi yake ni kuosha matangi. Huku mtaani Tassia majengo yamesimama bega kwa bega, na juu ya kila paa kuna matangi meusi yamepangwa kama masufuria ya harusi. Maji ya kupikia, ya kuogea na ya kutawadhia hukaa humo. Wapangaji wengi hawajawahi kuyaona. Wanachokijua ni mfereji: ukitoa maji, Mungu ashukuriwe, usipotoa, keyateka, yule mtunza jengo, atafutwe.

Hata Zaitun zamani alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akikaanga viazi karai kando ya barabara, katika safu ya akina mama. Safu hiyo ilianza na wawili, yeye na Triza Nabiswa, mama wa Kibukusu mwenye kicheko cha kusikika ghorofa ya tano. Walioona wateja wakisimama pale nao wakaleta majiko yao, na baada ya muda mteja alikuwa hajui asimame kwa nani. Viazi vyote rangi moja ya manjano, ukwaju wote ladha moja. Akitokea mtu mwenye njaa, shingo zote zilinyooka pamoja. Ng'ambo ya barabara hali ilikuwa hiyo hiyo kwa chipsi, na mbele kidogo kwa vinyozi, na nyuma kwa nguo za mitumba. Biashara nyingi za mtaani huzaliwa mtu anapochungulia jirani yake anauza nini.

Ya Zaitun ilizaliwa na unyoya. Asubuhi moja ulitoka mferejini pamoja na maji ya chai. Akamfuata Muoki, keyateka wa jengo lao, wakapanda hadi paani, wakafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na njiwa aliyekufa maji, na chini yake tope la kina cha kiganja.

"Hili tangi huoshwa lini?" Zaitun aliuliza.

"Huoshwa?" Muoki alishangaa, kama aliyeulizwa mwezi wa angani huoshwa lini.

Zaitun akatazama paa la jirani, na la pili, na mengine yote mpaka macho yakachoka. Kisha akautazama mdomo wa tangi na mwili wake mdogo. Alitosha kupita.

Aliporudi kuwaeleza wenzake kwamba ataosha matangi, safu nzima iliangua kicheko. Jacky, aliyekaa katikati, alisema, "Mama Yumna juu ya paa na buibui lake! Watu wa Tassia watafikiri malaika ameshuka, walete sadaka." Zaitun alikuwa na hamu kubwa ya jambo lake, na mtu mwenye hamu huumia upesi. Akawajibu, "Heri peke yangu huko juu kuliko hapa, tunagombania mteja mmoja kama kuku na punje."

Kicheko kilikatika. Triza alikuwa akifuta upawa wake kwa kitambaa. Aliendelea kuufuta, ingawa ulikuwa umeshakauka.

Kesho yake Zaitun hakwenda kukaanga.

Kazi ya matangi ilimkubali. Jengo moja lilimpeleka kwa jingine. Wenye nyumba, ambao hapo awali walimwuliza kwa kebehi kama anaosha na mawingu, walianza kumpigia simu wenyewe. Akanunua brashi za mpini mrefu na ndoo, na suruali ya marehemu mumewe akaivaa chini ya dera. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema atakula na nani.

Maana alipotoka kwenye msongamano wa biashara alikuwa ametoka pia kwenye msongamano wa watu. Kule kwenye safu, adhana ya alasiri ikilia, Triza ndiye aliyegeuza viazi vya Zaitun visiungue mpaka amalize kuswali. Triza alipokwenda mazishini Kimilili, Zaitun alimwuzia. Na mvua iliponyesha palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga: kila mama alifunika kwanza jiko la jirani yake, kisha lake. La Zaitun, lililokuwa mwishoni mwa safu, lilifunikwa na Triza. La Triza lilifunikwa na Zaitun. Mafuta ya mtu hayakuingia maji kwa sababu alikuwa peke yake.

Siku hizi mchana humkuta juu ya paa, ameegemea tangi kwa ajili ya ubaridi wake, akila muhogo wa kuchemsha. Binti yake, Yumna, ameolewa Malindi. Ijumaa hupiga simu: "Mama, umekula?" "Nimekula." Basi. Ndani ya matangi Zaitun alianza kuzungumza, mwanzoni peke yake, kisha na mtu. "Hapa pana ukoko, Triza." Tangi likajibu: Triza. "Nipitishie brashi." Brashi. Alijicheka, lakini hakuacha.

Halafu ikaja kazi aliyokuwa akiiomba kwa Mungu. Mwenye majengo kadhaa alitaka tangi lake kubwa lioshwe, tangi la saruji lililochimbwa chini ya ua. Likioshwa vizuri Jumapili, kazi ya majengo yake yote ingekuwa ya Zaitun. Tatizo ni kwamba tangi la chini haliingiwi na mtu mmoja. Humo hewa huwa nzito, kuta huteleza, na ukianguka hakuna anayekuona. Lazima awepo mtu juu, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye chini, asiiachie wala asiisahau.

Mkanda wa kufungia kamba hiyo kiunoni alikuwa nao tayari. Alishonewa sokoni Kariokor, wa ngozi nene.

"Mama, huu ni wa punda au wa ng'ombe?" fundi alimwuliza akipima.

"Ni wangu."

Fundi akamtazama, akaongeza mshono mwingine bila kuambiwa.

Mtu ndiye aliyekosekana. Aliwahi kumchukua kibarua mwenye mikono minene. Zaitun akiwa ndani, yule bwana aliiweka kamba sakafuni akaenda kuvuta sigara. Zaitun aliita mpaka sauti yake mwenyewe ikamchosha. Tangu hapo alijua kwamba kamba inataka mtu atakayeuhisi uzito wa yule aliye chini. Jina la mtu wa namna hiyo alikuwa nalo. Alilitaja kila siku, lakini ndani ya tangi tu.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo alikuwa akiosha juu ya jengo linalotazamana na safu ya viazi. Alipomaliza, akaukuta mlango wa paa umefungwa kwa nje. Muoki, anayetunza jengo hilo pia, alikuwa amefunga akaenda zake, na simu ya Zaitun ilikuwa chini, kwa Muoki, ikichajiwa. Akagonga. Akaita. Akaenda ukingoni akapunga leso. Lakini watu wa Tassia hawatazami juu. Wanatazama wanapokanyaga, kwa kuwa chini kuna madimbwi na bodaboda.

Akakaa akaitazama safu. Aliiona vizuri kuliko alivyowahi kuiona alipokuwa ndani yake. Majiko yalikuwa yamebanana, viwiko vinagusana. Mwishoni tu, kushoto kwa Triza, palikuwa na nafasi tupu yenye duara jeusi la makaa ya zamani, na kigoda kimewekwa juu yake.

Kisha mvua ikashuka ghafla. Akina mama wakarukia karatasi zao za nailoni, kila mmoja akafunika jiko la mwenzake. Triza naye akaikunjua yake kwa mikono miwili, akageuka kushoto, akainama, na hapo akasimama. Hapakuwa na jiko. Alisimama mvuani, nailoni imetanda juu ya duara jeusi, huku mafuta yake mwenyewe yakirukaruka kwa matone, mpaka Jacky alipompigia kelele. Ndipo akageuka, polepole, akafunika lake.

Huenda yalikuwa mazoea ya mikono tu. Mikono ina ukaidi wake. Lakini Zaitun, aliyekuwa akilowa huko juu, aliacha kuita.

Muoki alipofungua mlango alishtuka. "Kumbe uko? Nilidhani umeshaenda!"

"Ningeenda vipi, Muoki? Kwa kuruka?"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi zote na nguo zinavuja maji, akavuka barabara.

"Hamjambo."

"Hatujambo, bibi wa mbinguni," Jacky alijibu. "Leo umeshuka kutuhesabu?"

"Mpisheni akae," Triza alisema bila kuinua macho. "Kuku nao wana adabu."

Zaitun akakaa kwenye kigoda, juu ya duara jeusi. "Nilidhani pameshachukuliwa."

"Pachukuliwe na nani?" Jacky akacheka. "Mtu akileta jiko hapo, huyu anamfukuza. Eti ni njia ya maji ya mvua. Sisi hayo maji hatujawahi kuyaona yakipita."

"Jacky, geuza viazi vyako, vinaungua."

Havikuwa vikiungua. Zaitun akakusanya moyo. "Triza, Jumapili nina kazi. Tangi la chini. Nataka mtu wa kushika kamba."

Akanyamaza, kichwa upande mmoja. Maneno hayakurudi. Yalisikika mafuta tu yakichemka.

"Si uchukue mwanaume mwenye misuli?"

"Nilichukua. Akaenda kuvuta sigara."

"Na mimi je, nikienda zangu kununua unga?"

"Huendi."

"Umejuaje?"

Zaitun hakusema alichokiona kutoka juu. "Kuku wanajuana," alijibu. "Na mimi ni kuku, Triza. Nilitoka bandani tu."

Kile kicheko cha ghorofa ya tano hakikutoka, lakini shavu moja la Triza lilicheza.

"Jumapili niko kanisani. Kwaya yetu inaimba."

"Najua."

"Na mhubiri wetu akishika neno, haliachii."

"Nitangoja."

"Sijasema nitakuja, Mama Yumna."

"Nami sijasema umesema."

Triza akafunga viazi viwili katika kipande cha gazeti, akampa bila kumtazama. "Kula. Umelowa kama kifaranga."

Jumapili ua ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yameshapigwa pampu yakaisha, na boza, lori la maji la kulijaza tangi upya, lilitarajiwa jioni. Zaitun alifunua kifuniko cha chuma, akateremsha mshumaa ndani ya ndoo kuipima hewa. Mshumaa uliendelea kuwaka. Akavaa mkanda wa Kariokor, akafunga kamba, akavuta fundo mara kadhaa.

Muoki alikuja akisugua mikono. "Mama, si nikushikie mimi?"

"Wewe uliyenifungia paani?"

"Hiyo ilikuwa ajali!"

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Muoki akaenda akicheka. Zaitun akatandika leso kavu ukingoni, mahali ambapo mtu angeweza kukaa na kukaza miguu vizuri, akaweka juu yake ncha ya pili ya kamba. Kutoka nyuma ya majengo, ngoma za kanisa zilikuwa zikivuma, na sauti za kwaya zikipanda na kushuka. Alijaribu kuitambua moja miongoni mwa hizo nyingi. Jua likasogea. Kivuli cha jengo kikafika kwenye leso, kikaipita.

Ngoma zikanyamaza.

Alipiga magoti kwenye mdomo wa tangi, akafungua kinywa kuita humo ndani kama kawaida yake. Kisha akakifunga. Akajigeuza taratibu, mgongo kwa tangi, uso kwa lango, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza viatu vya waumini vikipita nje, jozi baada ya jozi, na vile ambavyo sasa vilikuwa vikipunguza mwendo mbele ya lango.