Busaa ya Posa ya Dada

Mama alikuwa anapika pombe ya busaa pale mtaani Sarang'ombe, na majirani walisema hakuna mkono kama wake. Dada yangu alipopata mchumba, baba alikataa katakata wageni wapokewe kwa soda. "Wazee wanatoka ziwani mpaka hapa, wakunywe soda kama watoto?" Mama akacheka, akaanza kukaanga unga uliochacha juu ya bati. Nyumba yetu ya mabati ikajaa ile harufu tamu ya unga ulioungua kidogo. Akatia kimea cha wimbi, akafunika, akasubiri.

Jumamosi mchana wazee wakaketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mzungumzaji wa upande wa bwana harusi alivuta mara moja, akafumba macho. "Mama," akasema, "kwa hii pombe hatubishani tena. Mtoto ni wetu." Watu wakapiga makofi. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha namna ile.

Askari waliingia bila kubisha.

"Nani anapika chang'aa hapa?"

"Si pombe kali ya chang'aa, afande," mama akajibu. "Ni busaa tu. Nimeita watu kwa posa."

"Uko na laiseni?"

Chungu kilimwagwa kwenye mtaro mbele ya wakwe. Mama akapandishwa kwenye gari na leso yake ya sherehe, bado unga umemshika kwenye vidole. Babu, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kijijini kwa ajili ya siku hiyo, alibaki ameshika mrija. Akatuambia kwamba enzi za mkoloni mtu mweusi alikatazwa bia ya chupa, na mama yake mwenyewe alifungwa kwa sababu ya busaa. "Nilidhani yaliisha," akasema.

Mama alirudi Jumatatu. Hakupika tena. Dada aliolewa, lakini baba alikuwa ameaibika, na ile aibu haikumtoka. Zamani akitoka kazi ya mjengo alikuwa anakunywa nyumbani na marafiki, akicheka, akilala mapema. Sasa alikuwa anapitia mtaa wa Kongo, kule Kawangware, ambako nyuma ya duka la makaa waliuza kitu cheupe, pombe kali isiyo na jina, kwenye vichupa vya plastiki. Kilikuwa cha bei rahisi, na kilifichika mfukoni. Mama alimsihi. Baba alimjibu kwa upole tu, "Si wewe uliacha kunipikia?"

Asubuhi moja baba aliamka akauliza, "Mbona hamjafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemwangukia usoni.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alituuliza alikuwa amekunywa nini, na hakuna aliyejua. Baba aliniomba nimshike mkono, akawa anaupapasa kidole kwa kidole, akiniuliza kama ni mimi kweli. Hakumaliza wiki.

Tulipomsafirisha kijijini kwenda kuzikwa, baba mdogo alimfuata mama jikoni. "Shemeji, wazee wameuliza busaa. Huku hakuna mtu atatusumbua."

Mama alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

"Waambie kuna chai," akasema.

Nikachukua birika, nikawapelekea. Waliipokea kwa mikono miwili, wakanywa, na hakuna aliyelalamika.