Mji wa Kwanza Kuasi

Dola yangu ilianguka siku ya Alhamisi, kati ya alasiri na magharibi, sebuleni kwa marehemu baba yangu, Vingunguti. Ilikuwa dola ya kwenye kompyuta, katika gemu ya historia ambayo unaanza na mji mmoja wa pwani na vyombo vichache, na ukijaaliwa unamaliza na bara zima. Mimi nilijaaliwa. Nilikuwa na miji arobaini na kidogo, mfalme wangu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na majirani walikuwa wakiniletea zawadi. Nilikuwa nimeijenga kwa miezi minne na ushee, na miezi hiyo ndiyo ambayo mama yangu alikuwa amekaa eda.

Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Nina mdogo wangu mmoja wa kike, ameolewa Kawe. Tangu siku ya mazishi ya baba watu walikuwa wakinishika bega na kuniambia, "Sasa ndiyo wewe," nami nikawaamini haraka mno. Nina kasoro hiyo: nikikabidhiwa jambo, sitaki mwingine aliguse hata pembeni.

Arobaini haijafika, nilikuwa nimeshagawa nguo zote za baba, viatu vyake, baiskeli yake, na msala wake mwekundu uliokuwa umechakaa pale anapoweka magoti. Niliwapa vibarua wa machinjioni waliokuwa wakiswali naye. Nilianza Jumamosi asubuhi, kufika adhuhuri nimemaliza, na nilijisifu kwa kasi hiyo. Kisha nikapanga kwamba eda ikiisha mama atahamia kwangu Kinondoni, chumba cha uani, na nyumba ya Vingunguti itiwe wapangaji.

Nilimweleza mama akiwa amekaa kitandani, amevaa nyeupe, tasbihi mkononi. Hakujibu. Nikaongeza kwamba kwangu hospitali iko karibu, hakuna harufu ya machinjio, na wajukuu watamchangamsha. Hakujibu tena. Nilitoka nje nikampigia mke wangu simu, nikamwambia mama hana neno.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akilala na mama siku zote hizo. Alinifuata uani.

"We mwana, mtu yuko eda, unampangia kuhama?"

"Shangazi, nampangia tu. Hahami leo."

"Mwenye eda habishani na mtu. Ana majonzi yake. Mngoje atoke, ndiyo umuulize."

Nilimwitikia kwa adabu zote, na sikungoja chochote.

Kila nikitoka kazini nilipitia Vingunguti. Nilisema nakwenda kumliwaza mama, na watu wakanisifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha baba, nafungua kompyuta na kuendelea kutawala. Katika gemu ile kila mji una alama yake: kijani ni utulivu, njano ni manung'uniko, nyekundu ni hatari. Mji wangu wa kwanza, ule nilioanzia, ulikuwa kijani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nikawa nauchukulia poa. Nilichukua askari wake nikawapeleka vitani mbali, nikauwekea liwali wa kutoka kwingine, nikawahamisha wafanyabiashara wake kwenda bandari mpya niliyoipenda zaidi. Ukabaki kijani.

Siku moja mama alitoka chumbani, akasimama nyuma yangu.

"Hao unaowahamisha wanakwenda wapi?"

"Bandari mpya, Mama. Huko kuzuri zaidi."

"Wenyewe umewauliza?"

Nilicheka. "Mama, hii ni gemu. Hawaulizwi."

Alisimama kidogo, kisha akarudi chumbani. Nakumbuka nilichukia kwa sababu alikuwa amenizibia mwanga.

Basi Alhamisi hiyo, siku moja kabla ya mama kutoka eda, nilikuwa nauzingira mji wa mwisho wa adui yangu wa mwisho. Ukatokea ujumbe mwekundu. Mji wa kwanza umeasi. Nilidhani ni hitilafu. Kabla sijamaliza kusoma ukaja wa pili, bandari mpya nayo imewafungulia waasi milango, kisha miji ya jirani, mmoja baada ya mwingine, na jeshi langu lote lilikuwa safari ya miezi sita kutoka hapo. Nilipiga meza kwa kiganja hadi glasi ikaanguka.

"Kuna nini?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Wameasi!"

"Kina nani?"

"Wa mji wa kwanza. Watu ambao walikuwa hawana neno kabisa!"

Nikasikia punje za tasbihi zikigongana. Kisha akasema, taratibu, "Basi walikuwa nalo."

Nilifunga kompyuta nikaenda zangu nyumbani, nimenuna. Nilikuwa nawaza namna ya kuurudisha ule mji.

Ijumaa, baada ya swala, nilifika na kirikuu na vijana wawili wa kupakia vyombo. Nilikuwa nimempigia dereva tangu Jumatatu. Barazani nilikuta kandambili na viatu vya wanawake, vingi kuliko nilivyotegemea, na harufu ya udi hadi njiani. Nilipiga hodi na kuingia kwa haraka zangu. Majirani walikuwa wamejaa mkekani, shangazi kati yao, mdogo wangu amesimama mlangoni pa chumba cha mama. Mama alikuwa ameogeshwa, amevaa doti mpya ya kanga, amekaa kwenye kiti cha baba. Sijawahi kumwona amekaa kile kiti, hata baba alipokuwa hai.

"Shikamooni," nilisema. "Mama, gari lipo nje."

"Lirudishe," alisema. "Sihami."

Nilimgeukia mdogo wangu. "Hii ni kazi yako?"

"Kaka, mie nimekuja kumtoa Mama eda. Maneno ni yake."

"Ni yangu," mama alisema. "Ulipogawa vitu vya baba yako nilikuwa napita mlangoni hapo. Nimeuona msala wake begani kwa mtu, unatoka. Nilikuwa eda, sikutaka kelele, nikanyamaza. Ulipopanga kuitia nyumba yangu wapangaji nilinyamaza. Leo nimetoka. Hapa nitakaa mpaka nichukuliwe kama alivyochukuliwa mwenzangu."

Hakuna mwanamke aliyetikisika. Walijua wote, tangu lini sijui, na mimi niliyekuwa nakuja kila siku sikujua. Ningeweza kumshika mama miguu hapo hapo, yakaisha. Badala yake damu ilinipanda kichwani nikasema, mbele ya wote, "Basi kaeni wenyewe. Mkikwama msinipigie."

Hawakunipigia. Kirikuu kilirudi kitupu. Mfungo wa Ramadhani ulianza ukaisha, Idi ikaja, nikaswali Kinondoni, nikawaambia wanangu bibi yao ana wageni. Nilikuwa nangoja waombe radhi. Jioni nilirudisha gemu nyuma, miaka mitatu kabla ya maasi, nikaongeza askari mji wa kwanza. Ukaasi tena. Nikarudi nyuma miaka kumi. Ndipo nilipojisumbua kusoma maelezo ya alama, na kukuta kwamba kijani huonyesha tu kuwa hakuna anayelalamika. Niliifuta gemu ile, kwa aibu.

Nilikwenda baada ya Idi, siku ya kawaida, alasiri ikikaribia. Nilikuwa na msala mpya, mwekundu, mzito, ndani ya nailoni yake. Kwanza nilipita machinjioni kumtafuta aliyechukua ule wa baba. Wakaniambia alisharudi kwao Mtwara.

Nilibisha hodi mlangoni kwetu.

"Karibu," mama alisema. "Karibu ukae." Alinionyesha kochi. Nilimwomba radhi nikilia. Alisema, "Yameisha, mwanangu. Mungu atusamehe sote." Aliupokea msala kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka juu ya kabati bila kuutoa kwenye nailoni. Kisha akaniletea chai kwenye sinia, na kitambaa, na sahani ya kaimati.

Adhana ilipolia aliniomba ruhusa, akaenda chumbani. Kupitia mlangoni nilimwona akitandika kanga yake sakafuni na kusimama juu yake. Nilishika chai ile nikashindwa kuinywa. Nyumbani kwetu, tangu utoto, mimi nakunywa kwenye kikombe cha bati chenye pengo, kinachokaa jikoni. Hiki kilikuwa cha kaure chenye maua, kilichofungiwa kabatini, na baba alikuwa akituchapa tukikigusa, kwa sababu ni cha wageni.