Mvumo Kichwani mwa Chiriku

Waliomzoea msusi yule walimwita Chiriku, na jina halikumwonea. Mteja alikaa kwenye kiti chake asubuhi na nywele timutimu, akainuka mchana amesukwa akapendeza, tena anajua nani kaachana na nani mtaa mzima. Mumewe, seremala mpole, alikuwa na jibu moja kwa mazungumzo yote ya nyumbani: "Enhe." Kwa jibu hilo ndoa yao ilikuwa imekwenda salama miaka mingi.

Kichwa kilianza kumgonga taratibu. Kilimuuma zaidi asubuhi kabla hajainuka kitandani. Akameza dawa za maumivu, akalaumu jua, akamlaumu na mumewe kwa kukoroma. Kisha ukaja mvumo. Kila akijilaza alisikia shwaa, shwaa, shwaa.

"Ni pampu ya maji ya Mwalimu," alimwambia mumewe. "Mzee yule hana haya, anavuta maji kutwa kucha."

"Enhe."

Jumapili akavuka uchochoro mpaka kwa jirani, mwalimu mstaafu, akamkuta ananyoa ndevu uani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nakuomba uzime pampu."

"Marahaba. Pampu ipi?"

Mzee akampeleka nyuma ya nyumba, povu bado limemjaa shavuni. Pampu ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Ilikuwa imeharibika zamani na mwenyewe alikuwa anachota kwa ndoo. Chiriku akaitazama. Shwaa, shwaa. Akajigusa shingoni, akagundua mvumo unakwenda sawasawa na mapigo ya moyo wake. Akageuka akarudi kwake bila neno. Mwalimu alisema baadaye kwamba ugomvi wake alishauzoea, ila ukimya ule ulimtisha.

Hata hivyo, hospitali hakwenda. Kazi ilikuwa nyingi, na woga nao ulikuwepo, ingawa hakuutaja. Akiinama kusuka, macho yalizima kama taa kisha yakarudi. Halafu akaanza kuona vitu viwiliviwili. Siku moja karani mmoja alijitazama kwenye kioo cha saluni, akashika mistari ya nywele zake.

"Dada, hii ni mistari au mto unatafuta bahari?"

Wifi yake, dada wa mume, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja, aliifumua na kuisuka upya. Mteja alipoondoka tu akafunga mlango. "Wifi, huoni vizuri. Twende ukatafutiwe miwani."

Mpima macho akammulika jicho moja, akammulika la pili, akarudia la kwanza. Akazima kurunzi.

"Mama, miwani sitakuuzia."

"Kwa nini? Sura yangu haifai?"

"Mishipa ya kuonea imevimba huko nyuma, macho yote mawili. Kuna kitu kinasukuma kutoka ndani ya kichwa. Nenda hospitali leo, usingoje kesho."

Wifi alimshika mkono njia nzima, na Chiriku hakumsema mtu hata mmoja.

Picha za kichwa hazikuonyesha uvimbe wala damu iliyoganda. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alisema shinikizo ndani ya fuvu limepanda.

"Lakini presha nimepimwa mkononi, iko sawa," Chiriku akabisha.

"Hiyo ni ya damu. Hii ni ya maji yanayouzunguka ubongo. Yamezidi nafasi, yanabana mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, ndiyo maana unasikia mvumo, yanabana na macho. Tutayapima kwa sindano ya mgongoni. Jikunje, usisogee, usiongee."

"Nisiongee kabisa?"

"Hapo ndipo pagumu, daktari," mumewe akasema akiwa mlangoni.

Sindano ilipoingia, maji yakapanda kwenye mrija wa kupimia, meupe kama ya mvua, mpaka karibu na ncha. Daktari akayapunguza kidogo. Chiriku alipolazwa chali, akatega sikio. Akasikia gurudumu la kitoroli na ndara za muuguzi, basi. Mvumo haukuwepo. Machozi yakamtoka.

"Kumbe maneno yalikuwa yamejaa humo," mumewe akamtania, naye macho yamemlowa.

"Maneno? Mimi sijawahi kubakiza hata moja."

Daktari hakumficha kwamba maji yangeweza kujaa tena. Akampa vidonge, akamtaka apunguze mwili, maana unene huongeza shinikizo hilo, na arudi kupimwa macho. Vidonge vilimtekenya vidole na kuifanya soda iwe na ladha ya msumari. Akawa anatembea na wifi yake kila asubuhi, akimlalamikia kila kilima, huku seremala akila vya kuchemsha bila kuulizwa. Mumewe alimtengenezea kiti kirefu cha wateja ili asiiname, na watu wazima wakawa wanasukwa miguu ikining'inia.

Mwili ukapungua polepole, uvimbe wa macho ukatulia. Uoni wa pembeni wa jicho la kulia tu haukurudi, na mpaka leo bega hugonga fremu ya mlango, akaitukana fremu.

Sasa mteja akitaja tu kuumwa kichwa, Chiriku humwambia akamulikwe macho. Mmoja alikwenda, akakutwa anahitaji miwani ya kusomea tu. Akarudi amenuna kwamba katishwa bure. Chiriku akamvutia kiti, akamwambia apande, ana mengi ya kumweleza.