Fundi viatu alisahihisha muguu yangu

Leo nimevua kiatu katikati ya soko, na sina haya hata kidogo.

Munajua ule mufupa yangu yenye kutokea pembeni ya kidole kikubwa cha muguu. Miye ni mwalimu, nasimama mbele ya tableau ya darasa tangu asubuhi. Kabla watoto watoke kucheza récréation, muguu iko moto.

(Wenye kufichaka miguu chini ya kitenge ya liputa kama miye, nyosheni mukono hapa chini.)

Docteur alisema: viatu vipana mbele, talon fupi, kisigino chini.

Bon. Juma lililopita nikasimama juu ya karton, nikachora muguu yangu na bic, nikapelekea papa mumoja mwenye kushona viatu pale sokoni.

Leo naenda kuchukua. Viatu nyeusi, zinang'aa!

Naingiza muguu. Haiingii.

"Papa, ulifuata dessin yenye nilichora?"

"Nilifuata, mama. Ila pale pembeni bic yako iliteleza. Nikanyoosha mustari."

Alinyoosha!

Zamani ningesema merci, nikaenda kulia nyumbani. Leo hapana. Nikaacha sandale chini, nikaweka muguu juu ya meza yake, kati ya gundi na misumari.

"Papa, bic haikuteleza. Muguu yangu iko vile."

Akavaa miwani. Halafu akaongeza kipande cha ngozi kwenye kalibu, ule muguu ya mbao ya kushonea viatu, pale penye mufupa, akaingiza ndani, akapanua kiatu polepole.

Nikavaa. Nikatembea. Nikacheza kidogo, mbele ya watu!

Kugeuka, mama muuza majani ya pondu wa jirani amekwisha kuvua kiatu yake. Na mwenzake pia.

"Papa, utuchore na siye. Lakini usinyooshe."