Kidari cha Kaka

Gari langu lilinuka kuanzia Krismasi hadi karibu na masika, na muda wote huo mimi ndiye niliyejua kinachonuka ni nini. Mke wangu alijua nusu. Nusu hiyo ilimtosha kunichukia.

Alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, na kila alipohitajika kliniki, mimi ndiye niliyempeleka kutoka kwetu Rau, chini ya mlima. Lile gari dogo lilikuwa miguu yake. Asubuhi moja ya Januari alifungua mlango, akasimama na gongo lake, akavuta pumzi mara moja, kisha akaufunga polepole. Akasema hapandi. Akaita bodaboda, akapakizwa kiubavu kwa sababu nyonga haikumruhusu kukaa vinginevyo. Niliwafuata kwa gari hadi kwenye geti la hospitali, madirisha yote wazi, nikiogopa ataanguka. Hakugeuza shingo hata mara moja.

Mambo yalianzia kihambani, kwenye mashamba ya migomba tuliyorithi, kwetu juu mlimani. Mbuzi wa ukoo akichinjwa hagawanywi hovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha mkubwa. Tangu baba afariki, mkubwa ni kaka yangu. Krismasi ile hakuja kwenye mbuzi kwa sababu nilikuwepo mimi. Alikuwa amepanda masale, yale majani marefu tunayowekea mipaka ya vihamba, na mimi nilidai ameyapanda ndani ya kwangu. Tulikuwa tumeshaambiana maneno ambayo ndugu hawaambiani.

Wapwa zangu walikifunga kidari kwa majani ya mgomba, wakakiweka kwenye gari, wakaniomba nikishushe kwa mjomba wao maana napita mlangoni kwake. Niliitikia. Nilipofika nilipunguza mwendo. Kaka alikuwa uani anakatakata majani ya ng'ombe. Aliniona, akanipa mgongo, akaendelea kukata. Nikakanyaga mafuta.

Huko chini ndipo nilipogundua sina pa kukipeleka. Kidari si nyama ya kutupia mbwa. Nyumbani nacho nisingethubutu kuingia, maana mke wangu anasoma vipande vya mbuzi kama mwalimu anavyosoma majina ya wanafunzi. Nikainua kifuniko cha buti, nikakisukuma kwenye shimo la tairi la spea, nikajiambia nitakirudisha kesho. Kesho ilipofika nikasema keshokutwa. Hasira ilikuwa bado tamu, nikawa nailea.

Nilipokuja kuinua tena kile kifuniko, nilikuwa nimefunga pua kwa leso. Nilikizika nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mke wangu akiwa misani. Nikadhani nimemaliza.

Maji ya nyama yalikuwa yameshateremka. Bila mimi kujua, yaliingia kwenye sponji iliyo chini ya kapeti, yakatambaa hadi chini ya kiti cha nyuma. Nilimwaga sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya nguo. Nilikamua ndimu. Niliweka sahani ya mkaa, kisha kopo la kahawa iliyosagwa. Vijana wa kuosha magari waliingiza mpira wa maji wa nguvu, wakafanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana sasa sponji ilikuwa na uvundo na unyevu pamoja. Nilinunua kikadi cha manukato cha kuning'iniza kwenye kioo. Gari likanuka kama maiti aliyepakwa marashi.

Kilichonidanganya ni baridi. Nikipanda nalo juu milimani harufu ililala kabisa, nikawa narudi nafurahi. Nikishuka mjini, jua la saa saba likishika bati, inaamka.

Mke wangu alipouliza, nilimwambia panya amefia ndani.

"Panya hana mafuta," alisema. "Nimechemsha mbuzi wa ukoo wenu tangu niolewe. Huyo ni mbuzi."

Aliendelea na bodaboda zake. Jioni alikandwa nyonga na jirani, si mimi. Nikitia neno, alimwongelesha jirani. Siku aliyoteleza wakati wa kushuka, akakwaruzika kiwiko, aliniambia kwamba afadhali kiwiko.

Kisha alikutana na mke wa kaka kanisani. Sijui walianzaje. Najua tu kwamba alirudi, akanikuta nimepiga magoti ndani ya buti na brashi yangu, akasimama nyuma yangu.

"Kidari cha shemeji hakikufika."

Niliendelea kusugua.

"Basi acha kuosha. Hapo unaosha nini? Mimi humo siingii mpaka umpelekee isale."

Isale ni jani la yale yale masale. Ndilo la mpaka, na ndilo tunalompelekea tuliyemkosea, limefungwa fundo. Anayeletewa hawezi kulikataa. Hiyo ndiyo desturi, na nilipokuwa naendesha kupanda kwa kaka nilikuwa nimeiegemea sana. Kwetu Rau sina masale. Kwa hiyo nilisimama kihambani, nikachuma la kwanza lililonijia mkononi, nikafunga fundo, nikaingia uani kwake.

"Shikamoo kaka."

Badala ya marahaba, alilitazama jani.

"Umelichuma wapi?"

"Mpakani."

"Kwenye yale niliyoyapanda mimi?"

Ndipo nilipoona nilichofanya. Nikisema ndiyo, mpaka ni wake. Nikisema hapana, nimekuja kuomba msamaha kwa uongo, na jani mkononi.

"Kwa hiyo hili ni jani la nani?" akauliza. "Langu au lako?"

Mkewe alikuwa ametoka na kikombe mkononi, amesimama mlangoni anasikiliza.

"Ni lako," nilisema.

Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Jani nimelipokea," akasema. "Wewe bado." Kisha akanusa upepo, akaelekea kwenye gari, akafungua buti mwenyewe. Hata kwenye baridi ile, kwa karibu hivyo harufu ilimpiga usoni. Akabaki ameinama.

"Naona kidari changu kimefika. Kimechelewa kidogo tu."

Alikwenda kuchukua panga la majani ya ng'ombe. Nakiri nilirudi nyuma. Alikata kapeti, akaikata na sponji, akaivuta yote kutoka chini ya kiti cha nyuma huku akihema, mzee kunizidi, na hakutaka nimsaidie. Ilitoka nyeusi, inateleza. Akaikunja, akanibebesha kifuani.

"Na hii ndiyo sehemu yako, mdogo wangu. Nenda kagawane na mkeo."

Nilishuka nayo miguuni pa kiti cha abiria cha mbele hadi dampo. Kilichobaki nyuma kilikuwa bati tupu, na bati halifichi kitu. Niliosha kwa sabuni, nikaliacha juani milango yote wazi hadi nikachoka kunusa. Mambo ya sponji ningeyajua mapema kama ningekubali kuitafuta. Mpaka nimeupoteza, na siudai tena. Niliutoa kwa kinywa changu, mbele ya shahidi.

Siku ya kliniki niliwasha gari, nikamfungulia mlango wa mbele. Mke wangu alinipita, akafungua wa nyuma, akaanza kujiingiza kidogo kidogo, mguu mzuri kwanza. Nilinyoosha mkono kumshika. Akaniambia niache. Alikaa pale nyuma kama mteja wa teksi, gongo katikati ya magoti, miguu juu ya bati, akashusha kioo.

Karibu na hospitali nilimtazama kwenye kioo cha ndani, nikamuuliza kama bado inanuka.

"Nyuma huku hapana," alisema.