Oduor Ameingia

Kwa miaka ishirini na sita Dorca aliwaunganisha watu kwa simu mjini Kisumu, na hakuna siku hata moja alipokata laini ya mtu bila kumuuliza kwanza, "Umemaliza?" Hata wagomvi waliokuwa wakitukanana kutoka hapa mpaka Mombasa aliwauliza kwa adabu. Halafu ikaja mitambo isiyohitaji opereta. Akapewa saa ya ukutani na kipande cha keki, akarudi nyumbani kwake Migosi na masikio yasiyo na kazi.

Masikio hayo yalipata kazi tena mwaka wa 1998, na heri yasingeipata.

Oduor, mwanawe wa pekee, alikufa kwa malaria mwezi wa Machi, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Wakamzika kwao, Asembo Bay, kando ya baba yake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile wa mbali waliachiwa kazi yote. Walilia wakajigaragaza, na Dorca amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama viatu vya mchungaji. Viatu vilihitaji soli. Hakulia pale, wala aliporudi Migosi. Alikuwa amekufa ganzi mwili na roho, kama mguu uliokaliwa kutwa. Wanawake wa ploti wakaanza kunong'ona, maana kuna watu hawapati usingizi mpaka wapime machozi ya mwenzao.

Oduor aliacha kompyuta sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ndani ya kompyuta aliacha kitabu. Kwa miaka sita alizunguka fuo zote, Usenge mpaka Asembo, akiwauliza wavuvi wazee majina ya fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa kila aina kabla mbuta, yule sangara mlafi, hajawamaliza. Kila fulu alimchora kwa mkono wake, kisha akaiingiza picha kwenye mashine. Profesa Nekoye, mwalimu wake wa chuo kikuu kule Nairobi, alikuwa tayari kukichapisha kitabu.

"Mama Oduor," alimwambia Dorca kwa simu, "disketi alizotuletea hazisomeki. Nitumie mafaili kwa intaneti. Ingia kwa jina lake mwenyewe, bado tumemwachia nafasi kwenye kompyuta yetu. Kila kitu kikishafika, tutalifuta hilo jina."

Hatua zote zilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wa Oduor. Dorca akazifuata moja moja. Modemu ikapiga simu Nairobi, ikaanza ule mlio wake wa kukwaruza, naye akasikia mara moja kwamba laini ni chafu. Akakata. Akangoja saa saba mchana, ofisi zikienda chakula, saa ambayo alijua laini hutulia. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Kompyuta ya Nairobi ikajibu kwa Kiingereza kwamba Oduor ameingia.

Dorca akayasoma maneno hayo. Akayasoma tena. Kitu kikasogea kifuani, kidogo tu, kisha kikatulia.

Maandishi yakaenda, picha zikaenda. Kesho yake Profesa akapiga simu. Majina yalikuwa yamefika salama, lakini picha zote thelathini na nane zilikuwa zimeharibika.

"Mama, kabla ya kutuma picha uliandika 'binary'? Bila hilo neno, mashine inadhani picha ni maandishi, inazivuruga."

Neno lenyewe lilikuwemo daftarini, limepigiwa mstari. Dorca alikuwa amedhani ni kichwa cha habari. Akaomba radhi. Alipoweka simu chini akagundua kwamba hakusikitika hata chembe. Sasa alikuwa na sababu ya kumwingiza Oduor tena.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. La pili, tusidanganyane, alilifanya makusudi. Saa saba mchana Oduor aliingia, na mama yake akalitazama lile neno, akaliruka. Akazituma picha moja moja, akijua kila moja itafika imeharibika. Kwa dakika arobaini Oduor alikuwa ndani. Wiki iliyofuata akafanya vilevile.

Jirani yake, Seline, alimletea omena na ugali, akamkuta amekodolea kioo macho.

"Mama Oduor, si ukule kidogo? Hiyo mashini itakumaliza, walai."

"Weka hapo, Seline. Niko kazini."

Jumatano Profesa alipiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama, mchapishaji anafunga kazi Ijumaa. Picha zisipofika, kitabu hakitoki. Nani atajua jina gani ni la samaki gani? Wale wazee wa Usenge wamebaki wawili."

Alhamisi, saa saba, Oduor akaingia.

Kabla ya kutuma chochote, Dorca alifungua picha moja. Fulu mdogo, mgongo wa bluu, na chini yake jina la mzee aliyemtaja na tarehe aliyomtaja. Mzee huyo alikuwa ameshazikwa. Fulu naye hakuna aliyemwona tena. Dorca akaifunga picha, akaona aibu, aibu ya kweli, ya kwanza kupenya ile ganzi tangu Machi. Akaliandika lile neno, herufi kwa herufi.

Picha zikaenda. Ya thelathini na nane ilipofika, mashine ikanyamaza ikimngoja. Daftari lilisema kilichobaki ni kuaga: uandike 'bye', baibai ile ile ya watoto, laini ikatike.

Akaweka vidole juu ya vitufe. Akaviondoa.

"Nyathina," alisema kwa sauti, mwanangu, "umemaliza?"

Akangoja kama alivyowangoja wote, kwa heshima, bila haraka. Akaandika neno, laini ikakatika, na Dorca akapiga ukemi uliosikika ploti nzima. Seline alikuja mbio, mikono ina unga wa ugali. Nyuma yake wakaja wale waliokuwa wakinong'ona, mmoja mmoja, wakaketi sakafuni, wakalia naye.