Mistari Miwili ya Sala

Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha baba akasema inatosha. Tangu hapo nimewaamini watu wanaojua karatasi. Hilo ni kosa langu, naliweka mbele kabla sijataja ya wengine.

Siku walipowaua bwana yangu na mdogo wangu, kijijini kwetu upande wa Iga Barrière, nilikuwa nimelala chini ndani ya shamba la mahindi. Niliwaona wawili waliokuwa wanawaongoza wauaji. Tulikuwa tunajuana nao vizuri. Nikakimbilia Bunia, na miaka yote nikabeba majina yao mdomoni kama jino bovu.

Halafu komite yetu sisi tuliobaki ikaamua kupeleka rapport moja, ripoti ya ushuhuda wetu wote, kwa magistrat wa mahakama. Kila mmoja aende nyuma ya soko, kwa papa mmoja, mzee mwenye ordinateur, masini ya kompyuta, mwalimu wa zamani, amwambie yake. Yangu ilitoka mistari kumi na miwili. Alinisomea. Mstari wa kumi: Watu waliowaua ni hawa. Wa kumi na moja, jina la wa kwanza na mahali anapokaa. Wa kumi na mbili, jina la wa pili.

“Sasa utaandika tena yote mu rapport?” nikamuuliza.

“Hapana, mama. Nichoke mara mbili sababu gani? Rapport iko na fichier yake, ni kama faili, weye uko na yako. Mu rapport naweka neno moja tu: enda mu fichier ya mama, kamata mistari un mpaka douze, yote kumi na mbili, leta hapa. Siku ya kutosha karatasi, kuzichapa, masini itaenda kuchukua yenyewe. Wengine walisema maneno mingi, kwao nakamata kipande tu. Yako yote ni ya maana.”

“Na kama itaacha ingine?”

“Masini si mutu wa kulipisha bariere, mama. Haiwezi kukata kitu mu njia.”

Tukacheka. Ndiyo, siku ile nilicheka.

Jumapili kanisani mama mmoja akasimama kutoa ushuhuda. Akaanza kama tunavyoanza wote: Bwana asifiwe. Tukaitika Amina. Nikaona haya pale kwenye benchi. Ushuhuda wangu mimi ulianza na damu, bila hata kumsalimu Mungu. Jumatatu asubuhi nikarudi kwa yule papa.

“Papa, uniwekee sala mbele.”

“Mistari ngapi?”

“Miwili inatosha.”

Akafungua fichier yangu, akaandika juu kabisa: Bwana asifiwe. Chini yake: Namshukuru Mungu aliyenilinda mpaka leo. Nikaenda nyumbani na moyo mwepesi. Rapport yenyewe hakuifungua. Hakuna aliyehesabu.

Prezida wa komite akatia sahihi, akapiga muhuri kila ukurasa, akapeleka. Wiki iliyofuata tukapewa kopi. Nikatafuta sehemu yangu, nikasoma na kidole, polepole. Sala ipo. Mahindi yapo. Bwana yangu yupo, mdogo wangu yupo. Watu waliowaua ni hawa. Halafu nafasi tupu, kisha maneno ya mama mwingine na ng'ombe zake.

Nikafikiri kurasa mbili zimeshikana. Nikazipapasa. Hapana.

Yule papa akahesabu kwa ncha ya kalamu, akavua miwani.

“Mama, sala ilisukuma.”

“Ilisukuma nini?”

“Majina. Niliambia masini mistari douze, ikaleta douze. Mbili ya kwanza ikakuwa ya Mungu.”

“Basi iambie kumi na ine.”

“Nitaiambia. Lakini ile yenye kuwa na cachet, ule muhuri, ilishaenda.”

Nikaenda kwa prezida.

“Mimi nilizani uliogopa, mama,” akasema. “Watu wengi banaogopa pale pale pa majina.”

“Ulisoma ‘ni hawa’, ukaona hakuna mutu, na ukapiga cachet?”

“Cachet ni ya komite. Haiko ya mistari.”

Akaniambia magistrat akitaka kujua ataniita. Nilingoja. Waliotajwa na wenzangu waliitwa. Kisha dosie ya kesi ikafungwa, nami sikuitwa.

Basi wakosefu ni hawa: papa wa ordinateur, ambaye hakuhesabu, prezida, ambaye aliona akanyamaza, na mimi, niliyemtanguliza Mungu mahali pa hesabu. Hata katika maandishi haya nimekatazwa kuandika majina. Lakini wa mstari wa kumi na mbili anaendesha pikipiki karibu na kituo cha magari. Wa kumi na moja anauza samaki wa moshi kutoka Tchomia, meza ya tatu kutoka pale ninaponunua majani ya sombe. Fichier yangu ingali nzima ndani ya masini ile, mistari kumi na minne, na hakuna kitu kinachoiita.

Nikipita, yule wa samaki ndiye anayeanza, kwa sauti, watu wasikie:

“Mama, Bwana asifiwe.”

Soko lote linaniangalia. Naitika Amina.